Taka za mafunzo ya udaktari: Zitenganishwe chuoni, zisihamishiwe vijijini

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu vya tiba huwatoa vijana waliofuzu udaktari, uuguzi na ufamasia. Siku ya mahafali wazazi huja na mashada ya maua, viongozi hutoa hotuba na magazeti huchapa picha. Lakini vyuo hivyo hutoa pia kitu kingine ambacho hakina siku ya mahafali wala mgeni rasmi. Kitu hicho ni taka: mabomba ya sindano, glovu, mirija ya dripu, pamba, bandeji, nyuzi za kushonea vidonda, chupa za dawa na makasha yake, vyote vikiwa vimetumiwa na wanafunzi katika kujifunza kazi.

Zamani jambo hili lilikuwa dogo. Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ilipoanzishwa mwaka 1963, ndiyo iliyokuwa mwanzo wa mafunzo ya udaktari katika nchi hii, na kwa zaidi ya miaka 30 Muhimbili ilibeba mzigo huo peke yake. Leo mambo ni mengine. Mwaka 1997 Moshi ilipata chuo chake cha tiba katika Hospitali ya KCMC, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kikaanza kufundisha Dar es Salaam. Bugando, Mwanza, kikafuata mwaka 2003, kisha Dodoma na vinginevyo. Taifa linahitaji madaktari, na ongezeko hili ni la kushangiliwa. Hata hivyo, mkulima anayepanua shamba hapana budi apanue na ghala, na anayeongeza wanafunzi wa tiba hapana budi ajiulize taka zao zitakwenda wapi.

Taka isiyo na ugonjwa

Jambo la kwanza linalotupasa kulielewa ni kwamba taka ya mafunzo si sawa na taka ya wodini. Sindano iliyomchoma mgonjwa imegusa damu, na damu yaweza kubeba maradhi. Sindano aliyoitumia mwanafunzi kuchoma sanamu la mpira, au chungwa, kama wauguzi wengi walivyojifunza, haikugusa damu ya mtu yeyote. Hatari yake ni ncha yake tu. Glovu iliyovaliwa ili kumgeuza mwanasesere kitandani haina tofauti kubwa na glovu iliyokaa ndani ya kasha. Dripu iliyopitishwa maji ya bomba ni mrija wa plastiki uliolowa maji.

Lakini mara vitu hivi vinapotupwa ndani ya ndoo moja na pamba yenye damu iliyotoka wodini, vyote huwa taka ya hatari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila mafungu 100 ya taka zinazotoka katika huduma za afya, mafungu 85 hivi ni taka za kawaida kama zile za nyumbani au ofisini, na 15 ndizo zenye hatari ya maambukizo, kemikali au mionzi. Shirika hilo linaeleza pia kwamba katika nchi zenye kipato kidogo taka hizo aghalabu hazitenganishwi, na kwa sababu hiyo kiasi cha taka ya hatari huwa kikubwa kuliko inavyostahili. Kwa maneno mengine, tunaitengeneza hatari kwa mikono yetu wenyewe. Tunachukua 85 zilizo safi, tunazichanganya na 15 zilizo chafu, kisha tunalalamika kwamba tuna 100 chafu na hatuna fedha za kuziteketeza.

Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo katika hospitali, ambamo mgonjwa yupo na damu ipo, basi katika chumba cha mafunzo ya vitendo, ambamo mgonjwa ni sanamu, sehemu iliyo safi ni kubwa zaidi. Hapo ndipo penye nafasi ya kupunguza na kutumia tena.

Tufanye hesabu ya mfano. Darasa lina wanafunzi 100. Kila mmoja anatakiwa afanye zoezi la kuchoma sindano mara 10, na kila mara anapewa bomba jipya, sindano mpya na jozi mpya ya glovu. Mwisho wa zoezi hilo moja chuo kimetupa mabomba 1,000, sindano 1,000 na glovu 2,000. Kama kila mwanafunzi angepewa bomba moja lenye jina lake, akalitumia mara zote 10 kwa maji safi juu ya kipande cha sponji, mabomba yaliyotupwa yangekuwa 100. Mabomba 900 yangebaki katika stoo ya chuo, au fedha zake zingebaki katika mfuko wa chuo. Na hilo ni zoezi moja tu, kabla hatujafika kwenye kushona vidonda, kufunga mifupa, kutundika dripu na kuzalisha.

Barabara ya Bagamoyo

Pengine msomaji wa Kerege atauliza: Haya yananihusu nini mimi mwenye shamba la mihogo na miti michache ya mikorosho? Mambo ya vyuo vikuu si waachiwe wenye vyuo vikuu?

Yanamhusu kwa sababu taka ina tabia moja: huikimbia ardhi yenye bei na kuifuata ardhi isiyo na msemaji. Historia ya Jiji la Dar es Salaam ni ushahidi. Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa Tabata. Wakazi wa Tabata walichoshwa na moshi, inzi na uvundo, wakaenda Mahakama Kuu katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1988, na mahakama ikakumbusha kwamba Katiba ya nchi, katika ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi. Jiji likatafuta mahali pengine. Mahali hapo palikuwa Kunduchi Mtongani, kando ya barabara hii hii iendayo Bagamoyo. Wakazi wa Mtongani nao wakafungua shauri mwaka 1991, na mahakama ikawaunga mkono. Baada ya hapo safari ya taka ikaelekea Vingunguti, na hatimaye Pugu.

Somo la safari hiyo ni kwamba hapakuwa na mahali hata pamoja palipoitatua shida. Kila mahali paliipokea kwa muda na kuipitisha mbele. Na tangu wakati huo mji umezidi kupanda kuelekea kaskazini. Tegeta, Boko na Bunju, ambako wazee wanakumbuka mashamba, leo ni mji. Nyumba zimevuka Mto Mpiji, zimeingia Mapinga, na viwanja vinapimwa Kerege. Panapofika nyumba hufika na zahanati, maduka ya dawa, hospitali za watu binafsi na vyuo. Ni maendeleo, na hatuyakatai. Lakini mwananchi wa Kerege anayo haki ya kuuliza mapema, kabla shimo halijachimbwa, ni kitu gani kitakachofukiwa humo. Kwa watu wa pwani swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa visima vyetu vingi ni vifupi, udongo wetu ni mchanga unaopitisha maji upesi, na mvua za masika huchukua kila kilichoachwa wazi na kukipeleka mtoni, mikokoni na baharini. Aidha, si jambo geni katika nchi yetu kumwona mtoto amelipata bomba la sindano jalalani akalifanya bunduki ya maji. Mtoto huyo hana namna ya kujua kama lilitoka kwa sanamu au kwa mgonjwa.

Kerege inayo sababu nyingine ya kusikilizwa katika jambo hili. Miaka michache baada ya Uhuru, Serikali iliiteua Kerege kuwa mojawapo ya vijiji vya majaribio vya makazi mapya, pamoja na Upper Kitete, Kabuku, Rwamkoma na vinginevyo. Nia ilikuwa njema: wakulima wakae pamoja, wapate huduma na zana za kisasa. Lakini mipango ile iligharimu fedha nyingi, ilitegemea mashine na wataalamu kutoka nje, na wanakijiji wakazoea kungoja Serikali iwafanyie. Mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais wa wakati ule, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba vijiji vya namna hiyo visingeongezwa, na juhudi zingeelekezwa katika kuviendeleza vijiji vilivyokwishakuwapo. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na baada yake siasa ya Elimu ya Kujitegemea.

Kerege basi ilijifunza kabla ya wengine kwamba zana ghali iliyoletwa na mgeni hufa siku mgeni anapoondoka, na kwamba kitu cha kudumu huanza na kile ulicho nacho. Vyuo vyetu vya tiba vyaweza kujifunza somo hilo hilo bila kulilipia tena.

Neno linalotisha

Hata hivyo, tukubali kwamba katika kazi ya tiba maneno "kutumia tena" yanatisha, na ni haki yatishe. Duniani kote sindano zipatazo bilioni 16 huchomwa kila mwaka, na si zote zinazotupwa inavyotakiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2010 sindano zisizo salama zilisababisha maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yafikayo 33,800, ya homa ya ini aina ya B milioni 1.7, na ya homa ya ini aina ya C 315,000. Mtu akichomwa kwa bahati mbaya na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa ni asilimia 30. Kwa aina ya C ni asilimia 1.8, na kwa virusi vya UKIMWI ni asilimia 0.3. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, nao hawakuwa wamepata kuiona sindano.

Ndiyo maana mwaka 2015 Shirika hilo lilizitaka nchi zote zihamie kwenye mabomba yanayojifunga au kuvunjika yenyewe baada ya kutumika mara moja. Hapa hapa katika mwambao wetu, Kilifi nchini Kenya, kiwanda cha Revital kinatengeneza mabomba ya namna hiyo. Ni hatua kubwa ya kumlinda mgonjwa. Lakini bomba linalomlinda mgonjwa wodini ndilo linalojaza pipa la taka darasani, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kulirudia hata mara moja.

Wapo walimu watakaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba mwanafunzi akizoea kulirudia bomba darasani atalirudia na wodini. Mazoea hujenga tabia, na samaki hukunjwa angali mbichi. Daktari aliyefundishwa kwa miaka mitano kwamba kila sindano ni mpya, kila mtu ni mmoja na kila safari ni moja, hatasahau hata akiwa amechoka usiku wa manane katika kituo cha afya kisicho na umeme.

Hoja hiyo tuijibu kwa makini. Mwanafunzi hujifunza mambo mawili tofauti katika zoezi la sindano. La kwanza ni ufundi wa mkono: kushika bomba, kulenga pembe, kuvuta na kusukuma kwa utulivu. Ufundi huo huja kwa kurudia mara nyingi, na haudai kitu kipya. La pili ni utaratibu wa usalama: kufungua pakiti mbele ya mgonjwa, kutoirudishia sindano kifuniko chake, na kuitumbukiza katika kisanduku salama papo hapo. Utaratibu huo hufundishwa kwa kifaa kamili na kipya, tena cha aina ile ile atakayoikuta kazini. Basi vitu vipya vitengewe zoezi la utaratibu na siku ya mtihani, na vile vya kurudiwa vitumike katika ufundi wa mkono. Mwanafunzi aliyeelezwa tofauti hiyo, akaitenda kila wiki, ataielewa hatari kuliko yule aliyetupa mabomba 1,000 bila kuulizwa kwa nini. Kutupa hovyo nako ni mazoea, na mazoea hayo pia humfuata daktari hadi wodini, ambako hutumbukiza karatasi katika ndoo ya damu na sindano katika ndoo ya karatasi.

Kwa sababu hiyo pawepo sharti moja lisilo na msamaha: kilichoingia darasani kisitoke kwenda wodini. Kila kifaa cha mafunzo kipigwe alama ya rangi isiyofutika na maneno KWA MAFUNZO TU. Kiwe na kabati lake, ufunguo wake na daftari lake. Kihesabiwe kinapotoka na kihesabiwe kinaporudi. Bomba liwe la mwanafunzi mmoja, lisiazimwe. Na likitokea la kutokea, sindano ikamchoma mtu hata kidogo, itolewe hapo hapo kama sindano ya wodini na mtu huyo apelekwe akapate huduma. Pasipo masharti haya ni afadhali chuo kiendelee kutupa. Pamoja nayo, chuo kitapunguza taka bila kumweka mtu hatarini.

Akiba haiozi

Njia za kupunguza ziko nyingi, na nyingine hazihitaji hata shilingi. Mafundo ya upasuaji hufundishwa kwa kamba ya katani iliyofungwa katika mguu wa kiti, na mwanafunzi anaweza kufanya zoezi hilo bwenini kwake usiku. Ushonaji wa jeraha huanzia kwenye ganda la ndizi, hupanda hadi kwenye sponji la godoro kuukuu au mpira wa ndani wa baiskeli, na hufikia kwenye ngozi ya mbuzi au kongoro la ng'ombe kutoka machinjioni. Vitu hivyo vikishatumika visirudi jikoni. Vifukiwe, vioze, virudi ardhini. Mashuka ya upasuaji ya karatasi, yatupwayo kila mara, yaweza kubadilishwa kwa ya kitambaa yafuliwayo. Bandeji za kufungia mkono wa mwenzako hufuliwa na kuanikwa. Mirija ya dripu iliyopitishwa maji matupu husafishwa, hukaushwa na kutundikwa tena.

Vipo pia vitu vilivyopitwa na tarehe katika stoo za hospitali: nyuzi, shashi, glovu na mirija ambayo haifai tena kwa mgonjwa lakini yafaa kwa sanamu. Pakiwa na utaratibu uliokubaliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, vitu hivyo vyaweza kuingia darasani kwa alama na hesabu, badala ya kwenda moja kwa moja kwenye moto.

Lakini hapa tuwe macho. Mafunzo yasije yakafanywa kisingizio cha kupokea takataka za wengine. Dunia inayo kumbukumbu ya vita vya Bosnia, ambako kati ya mwaka 1992 na 1996 ilikadiriwa kwamba tani 17,000 za dawa zisizofaa ziliingizwa kwa jina la msaada, na wapokeaji wakabaki na kazi ya kuziteketeza. Kontena lililojaa vitu vilivyokwisha muda kutoka ng'ambo, hata likiandikwa zawadi kwa chuo, mwisho wake ni shimo letu. Akiba haiozi, lakini kitu kilichooza si akiba.

Ushahidi kwamba kifaa rahisi kinachodumu chaweza kufundisha vizuri tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 2009 Tanzania ilianza mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua katika hospitali 8. Wakunga na wauguzi walifundishwa kwa mwanasesere aitwaye NeoNatalie, aliyetengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway. Mwanasesere huyo hana umeme wala mitambo. Hujazwa maji ya uvuguvugu hata akawa na uzito na ulegevu wa mtoto mchanga, hupuliziwa hewa kwa mfuko wa mkono, kisha humwagwa maji, huoshwa kwa sabuni na kuanikwa, tayari kwa mwanafunzi mwingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mwanasesere wa maji, asiyetupwa, amechangia kuokoa watoto wa Kitanzania. Asiwepo basi mtu wa kutuambia kwamba mafunzo bora ni yale yenye pipa kubwa la taka.

Kinachobaki

Baada ya kupunguza na kutumia tena, kitabaki kiasi ambacho hakina budi kutupwa. Njia tuliyoizoea ni moto. Katika hospitali na vituo vingi vya nchi hii yapo matanuri madogo ya matofali, na katika siku zake yalikuwa nafuu kuliko shimo la wazi. Lakini plastiki ya jamii ya PVC, ambayo hutengenezewa baadhi ya mirija na mifuko ya dripu, ikichomwa katika moto usiotosha hutoa sumu ziitwazo dayoksini na furani. Sumu hizo hukaa muda mrefu katika udongo, huingia katika malisho na katika samaki, na hurudi mezani kwetu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama wake, umezitaja miongoni mwa sumu ambazo mataifa yamekubaliana kuzipunguza.

Ipo njia ya mvuke. Taka yenye maambukizo huwekwa katika chombo cha chuma kilichofungwa, ikapikwa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 121 au zaidi hadi vijidudu vife, bila moshi. Ikitoka hapo plastiki yaweza kusagwa na kupelekwa kiwandani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne za Afrika, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, zilizoshiriki katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza moshi wa sumu na zebaki katika hospitali kwa njia kama hii. Chuo kikuu ndipo mahali pa kuifundisha njia hiyo, ili daktari anapopangwa wilayani awe anaijua na aweze kuidai.

Lakini mashine ya mvuke nayo ina tumbo lenye mwisho. Ukiijaza makasha ya karatasi na glovu zilizomgusa mwanasesere, itashindwa kuimeza pamba yenye damu. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulituonyesha jinsi tumbo hilo linavyojaa upesi: katika ripoti yake ya mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba vifaa vya kujikinga vya tani 87,000 hivi vilinunuliwa kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, na sehemu kubwa yake ilitarajiwa kuishia kuwa taka. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba katika nchi maskini kabisa vituo 60 katika kila 100 havikuwa na uwezo wa kushughulikia hata taka vilizokuwa nazo. Hivyo kila njia huturudisha pale pale, kwenye kutenganisha taka mahali zinapozaliwa.

Nani afanye nini?

Kazi hii si ya mtu mmoja. Wakuu wa vyuo waagize kila idara ihesabu kinachotupwa katika muhula mmoja, kwa aina na kwa uzito, kwa kuwa huwezi kupunguza usichokijua. Walimu wa vitendo waandike katika kila zoezi ni kifaa gani kipya kinachohitajika kwa lazima na ni kipi chaweza kurudiwa, na mwanafunzi atahiniwe pia katika kutupa, apate alama au azikose. Wizara ya Afya imeweka taratibu za ndoo za rangi na visanduku salama. Taratibu hizo zivuke mlango wa hospitali ziingie darasani. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lina mamlaka ya kukagua, na halina sababu ya kuliruka lango la chuo kwa heshima ya joho la kitaaluma.

Nao viongozi wa vijiji na kata za barabara hii, kutoka Mapinga hadi Zinga, wasione haya kuuliza. Anapokuja mwekezaji wa hospitali au chuo, pamoja na kumwonyesha kiwanja wamwombe awaonyeshe ramani ya taka yake: itatenganishwa wapi, itapikwa wapi, na majivu yatalala wapi. Wakazi wa Tabata na Mtongani waliuliza baada ya moshi kuingia ndani ya nyumba zao. Kerege inaweza kuuliza kabla.

Wapo watakaosema kwamba tabia za watu hazibadiliki. Tarehe 1 Juni 2019 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na watu waliokuwa wakisema haiwezekani walionekana sokoni wamebeba vikapu. Iliwezekana kwa mama muuza nyanya. Itashindikanaje kwa maprofesa?

Wilaya ya Bagamoyo ina deni na haki katika mambo ya tiba. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake ili hospitali zijengwe, na jina lake likapewa jengo la wodi huko Muhimbili. Katika miaka ya karibuni Taasisi ya Afya Ifakara imefanyia mjini Bagamoyo majaribio ya chanjo ya malaria, na watoto wa wilaya hii wameshiriki ili watoto wa dunia wapone. Watu waliotoa mali, na wakatoa watoto wao kwa ajili ya elimu ya tiba, hawastahili kulipwa mabaki ya sindano. Elimu hiyo na ianze kujisafisha pale pale inapofundishwa, katika chumba cha mafunzo, siku ya kwanza mwanafunzi anapokabidhiwa bomba lake na kuambiwa: Hili ni lako, litunze, na siku ya mwisho utaonyesha umelitupa wapi.